Tulipoicheza Macbeth Katuba

Walimu wenzangu wa Lubumbashi, na wengine wa Likasi na Kolwezi, wameniuliza mara nyingi jinsi tulivyoicheza Macbeth ya Shakespeare hapa Katuba, komine (wilaya) ya Lubumbashi, Kongo, na vijana wa mtaani bila ukumbi wa maana na bila mfadhili. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya kiongozi yeyote wa vijana anayetaka kuchukua tamthilia ya zamani yenye damu na kuipeleka mahali ambako watu wamekwisha kuiona damu kwa macho yao. Inawezekana. Ila yako mambo ambayo ni heri mtu ayajue kabla ya kuanza, na mengi kati yake hayahusu taa wala mavazi.

Kwa asiyekijua kisa: Macbeth ni jemadari wa mfalme wa Uskoti. Anarudi vitani mshindi, anakutana na wachawi watatu, wanamwambia atakuwa mfalme. Rafiki yake Banquo anaambiwa kwamba yeye hatatawala lakini atazaa wafalme. Macbeth anamwandikia mkewe barua. Mfalme Duncan anakuja kulala kwao, na usiku huohuo wanamuua kitandani. Kuanzia hapo kifo kinaita kifo: Banquo, kisha mke na watoto wa Macduff, mkuu mwingine wa Uskoti, mpaka Macduff anaporudi na jeshi kutoka Uingereza na kumkata Macbeth kichwa. Shakespeare aliiandika mnamo 1606, na ndiyo fupi kuliko tanzia zake zote. Ufupi huo ulinivutia. Lakini zaidi nilitaka kisa kinachoanza na mtu anayeheshimiwa na wote, kwa sababu vijana wangu wamechoka na hadithi za waovu waliozaliwa waovu. Wanataka kujua mtu anafikaje pale.

Tafsiri ya Kiswahili ipo tangu 1968, kazi ya S. S. Mushi wa Tanzania, lakini nakala sikuipata huku kwetu. Tulitumia ile ya Kifaransa ya François-Victor Hugo, mtoto wa Victor Hugo, aliyemtafsiri Shakespeare mzima katika karne ya 19. Haki zake zimekwisha, hivyo kila kijana aliipakua kwenye simu bila kulipa kitu. Tulisoma onyesho moja kwa Kifaransa, tukafunga simu, kisha kila mmoja akalisimulia kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi, na mmoja wetu akaandika yale yaliyosikika vizuri. Si njia mpya. Kundi la Mufwankolo, lililowachekesha wazazi wetu redioni na kwenye televisheni kwa miaka mingi, halikukariri maandishi. Walikubaliana kisa, kisha kila mwigizaji akakijaza kwa maneno yake.

Urithi huo una upande wake mgumu. Mtu wa Lubumbashi akisikia mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili, anakaa tayari kucheka. Usipigane na hilo. Ndani ya Macbeth yumo bawabu mlevi anayekuja kufungua mlango mara tu baada ya mauaji, huku mtu anagonga na kugonga. Nafasi hiyo mpe kijana wako mchekeshaji kuliko wote, mwache aongee na watazamaji atakavyo. Watu wakishacheka hapo hadi kushika mbavu, watakupa utulivu wao pale unapouhitaji.

Matatizo yalianzia kwa wachawi. Nafasi hizo nilikuwa nimewapa wasichana watatu wa sekondari. Wiki haijaisha, mama wa mmoja akaja kwangu jioni, akakataa hata kiti. “Madamu, binti yangu hatatamka maneno ya uchawi kwa kinywa chake. Pasta amekataa.” Wa pili hakusema kitu, aliacha tu kuja. Nilimfuata kwao, na dada yake mkubwa akanivuta pembeni akanieleza. Huyu mtoto alipokuwa mdogo, baba yake mdogo alipoteza kazi, na katika kanisa moja la uamsho wakamnyooshea yeye kidole. Alifungiwa ndani bila chakula eti aombewe. Katiba yetu ya 2006 inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Lakini jina likishabandikwa mtaani, sheria hailibandui. Yule msichana sikumwomba tena kuigiza. Baada ya muda alirudi mwenyewe, akashika maandishi ili awakumbushe wenzake maneno, na hakuna aliyekijua kisa chote kama yeye.

Kwa hiyo zungumza na wazazi kabla ya kugawa nafasi. Wasimulie kisa chote, mwanzo hadi mwisho. Usifiche wachawi, usifiche kichwa kinachokatwa. Na pasta mwalike mazoezini. Wetu alikuja, akakaa nyuma kabisa na kofia yake magotini, akamwona mke wa Macbeth anavyotembea usingizini akinawa mikono isiyo na kitu. Jumapili iliyofuata alilitaja onyesho hilo katika mahubiri, na wale waliokuwa wakinong’ona wakanyamaza.

Uchawi wenyewe tuliwapa mama watatu wauza makala, yaani mkaa, watu wazima wasiomwogopa yeyote. Hawakuvaa vinyago. Walivaa vitenge vyao vya kila siku na vumbi jeusi mikononi, wakapita jukwaani kama wanaotoka sokoni, wakamwambia Macbeth habari yake, wakaendelea na njia. Ulikuwa uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya, maana ulitufungulia kisa chenyewe.

Hadi hapo vijana walikuwa wamekwisha kumsamehe Macbeth. “Madamu, ule muntu balimuloga. Haiko kosa yake.” Karibu wote walisema hivyo, na waliamini. Ndipo tukalisoma neno kwa neno lile onyesho wanapokutana naye mara ya kwanza, tukitafuta mahali wachawi wanapomwagiza aue. Hapapo. Wanamwita kwa cheo alicho nacho, kwa cheo anachokaribia kupewa, na kwa cheo cha mfalme, basi. Wazo la kuua linatokea kichwani mwake mwenyewe, na analiogopa palepale. Hata anajiambia kwamba kama majaliwa yanataka awe mfalme, basi yamvike taji yenyewe, yeye asitikisike. Banquo amesimama kando yake, amesikia maneno yaleyale, kaahidiwa makubwa vilevile, na anakwenda kulala bila kumgusa mtu. Mmoja wa wale mama alikuwa anafunga gunia lake, akasema bila kuinua macho: “Siye tulimwambia tu atakuwa mfalme. Kisu alikitoa kwake.”

Niliwaeleza vijana jambo moja kuhusu Banquo ambalo liliwashangaza. Katika kitabu cha historia cha Holinshed, ambako Shakespeare alichota kisa hiki, Banquo anaijua njama na yumo ndani yake. Shakespeare alimsafisha. Mfalme aliyekuwa akitawala Uingereza tangu 1603, James, alihesabiwa kuwa wa uzao wa Banquo, na hapana shaka hilo lilichangia. Lakini tazama faida yake jukwaani: tunapata watu wawili waliopewa unabii mmoja, na mmoja tu anayechukua kisu.

Nakaa sana hapa kwa sababu jambo hili linatugusa. Lubumbashi mtu akijenga ghorofa ghafla, jirani atasema ametoa kafara. Mtu huyohuyo akianguka, akaiba, akamsaliti ndugu, atasema amerogwa. Maelezo ni yaleyale huku na huku, na kila mara yanamwondoa mtu katika tendo lake. Kijana aliyecheza Macbeth, mwanafunzi wa uhandisi mwenye sauti ya upole, alikuwa anasema maneno yake akitazama chini, kama mtu anayesukumwa na mkono asiouona. Baada ya siku ile aliinua kichwa. Alipofika pale Macbeth anapomwambia mkewe tusiendelee na jambo hili, mfalme ameniheshimu juzi tu, nilimwona anataka kweli kuacha. Na alipokubali baadaye, ukumbi mzima ulihuzunika, maana sasa walijua angeweza kukataa.

Wavulana walipomwacha mchawi walimkimbilia mke. Kosa la mwanamke, walisema. Hapo wasichana walikasirika, na walikuwa na haki. Soma anachoomba yule mke peke yake baada ya kuipokea barua: anayaita mapepo yamwondolee huruma. Mtu haombi kuondolewa kitu asicho nacho. Na usiku wenyewe anakiri kwamba angemuua Duncan kwa mkono wake, kama mzee yule asingefanana na baba yake alivyolala. Aliyemcheza ni msusi kutoka komine ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, mwanamke wa maneno machache. Alituambia hivi: “Huyu mama anajilazimisha. Ndiyo sababu usingizi unamsaliti.” Katika onyesho la kutembea usingizini hatukuweka rangi yoyote mikononi mwake. Alikuwa na mshumaa, kanga na maji ya kufikirika. Alisugua kiganja kimoja kwa kidole gumba cha kingine, polepole, mpaka watu wa mstari wa mbele wakaanza kutazama viganja vyao.

Taji tulilitengeneza wenyewe. Kijana aliyecheza Macduff ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alinunua kipande cha waya mnene wa shaba kwa wauza vyuma chakavu, akakiponda juu ya reli mpaka kikawa ukanda. Tulilifanya makusudi kubwa kuliko kichwa cha Macbeth, kwa sababu ndani ya tamthilia mtu mmoja anasema ufalme unamlegea kama joho la jitu lililovaliwa na mwizi mfupi. Lililotokea baadaye halikupangwa. Shaba ikikutana na jasho inaacha alama ya kijani. Macbeth alipolivua taji ili apanguse uso, mstari wa kijani ulibaki umezunguka paji lake, na watu wote waliuona, kwa sababu hapa Katanga kila mtu anaijua ile rangi. Tuliuacha.

Panga zilitugharimu. Fundi wetu alizitengeneza za chuma, akazisaga makali yakaisha, na zilipendeza kweli. Bado mmoja wetu alichanika kiganja mazoezini akashonwa zahanati. Tumieni mbao tangu siku ya kwanza, pakeni rangi ya fedha. Mita tano kutoka jukwaani hakuna anayejua. Kuhusu pesa kwa jumla: ukumbi wa parokia tulipewa bure kwa sharti la kuusafisha. Tulilipia jenereta na mafuta yake, kwa kuwa huwezi kuutegemea umeme jioni, tukalipia vitambaa, nauli na ile zahanati. Yote yalipita kidogo dola 300, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa chakula: bukari, yaani ugali, na mboga za lengalenga. Weka chakula juu kabisa ya orodha yako. Vijana wengi walikuja mazoezini hawajala tangu asubuhi, na mwenye njaa hawezi kupaza sauti. Halafu chezeni wakati wa kiangazi, Juni au Julai. Ni baridi na kuna vumbi, lakini mvua ikipiga mabati hakuna atakayesikia neno.

Barua ya ruhusa tuliipeleka komine mapema, na muhtasari wa kisa. Mkubwa aliyeipokea aliisoma, akauliza huyu mfalme ni nani. Nikamwambia ni mfalme wa Uskoti, wa miaka elfu iliyopita. Akauliza tena, kwa sauti nyingine. Nilikuwa nimejiandaa: Macbeth wa historia alitawala kuanzia 1040 hadi 1057, na yule Duncan wa kweli alikufa vitani, wala hakuchinjwa usingizini. Tarehe zilimtuliza, akapiga mhuri. Nanyi jiandaeni hivyo. Vijana wataomba kumvalisha Macbeth suti na miwani ya mwanasiasa fulani wanayemchukia. Mimi nilikataa, na si kwa kuogopa tu. Ukimvalisha Macbeth sura ya mtu mmoja, watazamaji wote waliobaki wanapumua kwamba si wao.

Isitoshe, mji huu hauhitaji kukumbushwa. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, na wenzake Mpolo na Okito waliletwa hapa kwa ndege, wakati mji ukiitwa Élisabethville, na usiku huo wakapigwa risasi Shilatembo, nje ya mji. Maiti ya Lumumba iliyeyushwa kwa asidi. Mwezi wa Juni 2022 jino lake, kitu pekee kilichobaki, lilipita Lubumbashi ndani ya jeneza likielekea kuzikwa Kinshasa. Sasa fikiria karamu ya Macbeth: wageni wamekaa, mfalme mpya anakwenda kwenye kiti chake, anakuta kimekaliwa na Banquo aliyeuawa jioni ile, kichwa kimejaa majeraha, na hakuna mwingine anayemwona. Hatukusema neno lolote la siasa. Mzee mmoja wa Kamalondo alisimama palepale akavua kofia, akakaa nayo mkononi mpaka onyesho likaisha.

Nije kwenye kisasi, ambako ndiko nilikopata hofu yangu kubwa.

Fundi aliyecheza Macduff alikuwa amefiwa na kaka yake, mchimbaji wa mikono, katika shimo moja upande wa Kolwezi. Familia inaamini kwamba kuna mtu aliyejua shimo limepasuka na bado akawaamuru washuke. Mtu huyo yuko hai, na wanamjua kwa sura. Haya sikuyajua nilipompa nafasi. Niliyajua siku tulipofika onyesho lile ambalo Macduff, akiwa uhamishoni Uingereza, analetewa habari. Mjumbe anashindwa kusema. Anaulizwa mke wangu hajambo, anajibu hajambo. Watoto, hawajambo nao. Kisha anasema: wote wameuawa. Macduff anavuta kofia usoni. Anauliza tena, na watoto pia? Na mke wangu pia? Anauliza kama mtu asiyesikia vizuri. Fundi wetu alifika hapo akasimama. Hakulia. Alikwenda ukutani akakaa chini, akasema: “Madamu, hapa ningemuua leo.”

Wako waelekezaji watakaokuambia umtumie kijana kama huyo, umwambie amkumbuke marehemu wake, maana machozi yatakuwa ya kweli. Usifanye hivyo. Kidonda cha mtu si mali ya mchezo. Niliwaambia wote kwamba katika onyesho hili tunafanya kazi na maneno yaliyomo tu, na mtu yeyote akitaka kuacha aache bila kueleza. Nilimwomba muuguzi mstaafu wa parokia awe nasi kila tunapolifanya. Na tuliweka desturi: onyesho hili likiisha hatuendelei na jingine, tunakaa, tunakula, tunazungumza habari za kawaida mpaka kila mtu ameonekana yuko sawa, ndipo tunarudi nyumbani, wawili wawili.

Ndani ya mazungumzo hayo tuligundua tulichokuwa tumekiruka. Malcolm, mtoto wa mfalme aliyeuawa, anamfariji Macduff kwa kumwambia tufanye dawa ya kisasi chetu, tuponye huzuni hii. Macduff anajibu: hana watoto. Nani hana watoto? Wasomaji wengi wanasema ni Macbeth, kwamba hana watoto ambao Macduff angeweza kuwaua alipe kwa kipimo kilekile. Wengine wanasema ni Malcolm mwenyewe, kijana anayeandika dawa ya ugonjwa asioujua. Tulijaribu njia zote mbili. Fundi alipolisema akimtazama aliyecheza Malcolm usoni, kwa sauti ya chini, kijana yule alirudi nyuma hatua nzima bila kuambiwa. Tukabaki na hiyo. Malcolm anaendelea: livumilie kama mwanamume. Na Macduff anasema atafanya hivyo, ila lazima kwanza ahisi kama mwanamume. Wavulana wa Katuba wameambiwa tangu wadogo kwamba mwanamume halii. Kumwona mpiganaji hodari kuliko wote akidai haki ya kuumia kabla ya kushika upanga kuliwafanyia kitu ambacho hotuba zangu za darasani hazijawahi kukifanya.

Tofauti yake iko mwishoni mwa tamthilia. Siward, mzee wa vita, anaambiwa mwanawe kijana ameuawa. Anauliza tu kama majeraha yalikuwa kwa mbele. Ndiyo, kwa mbele. Basi ni askari wa Mungu, anasema, imetosha. Malcolm anajibu kwamba kijana yule anastahili huzuni kubwa zaidi ya hiyo. Kumbe Malcolm huyuhuyu aliyetaka kuiponya huzuni ya mwenzake kwa kisasi amejifunza njiani. Watu wengi hukata sehemu hii kwa kuokoa muda. Nawasihi msiikate.

Kichwa cha Macbeth tulikitengeneza kwa gunia na udongo. Usiku wa kwanza Macduff alikiinua juu, na ukumbi ulipasuka kwa shangwe, vigelegele, watu wamesimama juu ya mabenchi. Sikulala vizuri. Sikuwalaumu watazamaji, mdhalimu ameanguka, wana haki ya kufurahi. Nilichokiogopa ni uso wa Macduff, aliyekuwa akifurahi nao. Tulirudi kwenye maandishi. Macduff anamsalimu mfalme mpya, anasema nyakati zimekuwa huru, na baada ya salamu hiyo hasemi tena mpaka mwisho. Mke na watoto hawataji. Usiku wa pili alikileta kichwa kimefunikwa kitenge, akakiweka miguuni pa Malcolm, akasema maneno yake, akarudi nyuma ya wenzake akasimama. Watu walishangilia vilevile. Lakini wengi walikuwa wakimtafuta yeye kwa macho, na yeye hakushangilia.

Mtaniuliza kama amemsamehe yule mtu wa Kolwezi. Hapana, na wala hakuna aliyemwomba msamaha. Yeye na baba yake wamepata mwanasheria, na kesi inakwenda taratibu. Sitaki mtu aseme mchezo wa kuigiza humponya mtu. Wetu ulimpa mahali pa kusema neno zito mbele ya watu bila kumdhuru mtu, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Tulipoulizana shujaa wa kisa hiki ni nani, wengi walimtaja Macduff, wachache Banquo. Mimi nina jibu langu, na nililipata kwa mvulana mpole aliyekuwa akija kumsindikiza dada yake. Alitaka nafasi ndogo. Nikampa ile ya mtu anayeingia nyumbani kwa mke wa Macduff dakika chache kabla ya wauaji. Hana jina. Anasema: mama, hunijui, lakini mimi nakujua wewe, hatari iko karibu, ondoka na watoto wako. Anaomba radhi kwa kumtisha hivyo. Anasema hathubutu kukaa zaidi. Anatoka, na hatumwoni tena. Mvulana aliuliza, “Madamu, uyu iko naogopa?” Ndiyo, anaogopa, na amekuja. Hana upanga, hakuahidiwa kitu na mtu yeyote, na hata hafanikiwi, kwa maana yule mama anakataa kukimbia na wanamuua. Kati ya watu wote wa Macbeth, yeye peke yake anahatarisha maisha yake kwa ajili ya mtu asiye jamaa wala rafiki yake.

Baada ya maonyesho tulikuwa tunabaki na watazamaji kuzungumza. Usiku wa pili mama mmoja mzee alinyanyua mkono, akasimama kwa shida. Hakuuliza kuhusu mfalme wala wachawi. Alisema: “Ule kijana wa pale miye namujua. Alikuya kwetu Likasi, mu 1992.” Wenye umri waliokuwamo walielewa mara moja. Ni miaka ile watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, nyumba zikivunjwa, familia zikilala stesheni kungoja treni. Jirani kijana, ambaye hata hawakuwa wakisalimiana sana, aligonga dirisha lao usiku akawaambia wasilale pale. Walitoka na watoto na sufuria moja. Hakumwona tena, na jina lake hakulijua. Vijana wengi ukumbini walikuwa hawajawahi kusimuliwa habari za mwaka huo na wazazi wao, iwe wa upande uliofukuza au wa upande uliofukuzwa, na nadhani baadhi yao walisimuliwa usiku ule wakirudi nyumbani. Mwacheni mtu kama huyo aongee mpaka amalize. Tengeni saa nzima kwa mazungumzo, hata kama jenereta inakula mafuta.

Mwaka ujao tunachukua Hamlet. Nimewaambia vijana tuanze na wana watatu waliopoteza baba: Hamlet, ambaye baba yake aliuawa na ndugu wa huyo baba mwenyewe, Laertes, ambaye baba yake anauawa na Hamlet, na Fortinbras wa Norwei, ambaye baba yake aliuawa na baba wa Hamlet. Wawili wa kwanza wanauana kwa sumu ya upanga mmoja. Fortinbras alikuwa ameanza kukusanya jeshi alipe kisasi, mjomba wake akamkanya, akaacha. Na mwishoni ndiye anayeingia kwenye nyumba iliyojaa maiti na kupewa ufalme. Fundi wetu ameomba nafasi yake. Panga zitakuwa za mbao, ukumbi tumeuomba kwa mwezi wa Julai, na wale mama wauza makala wamekwisha kuuliza safari hii watacheza nini.